Jini la Mikokoni

Kisiwani Ndau, Khatib Dawud hujulikana kwa kidole chake cha shahada kilichobaki nusu. Nusu ya pili ilikwenda na kaa, zamani, enzi kaa wakiwa kaa kweli. Watoto wakimuuliza kidole kiko wapi, huwaambia amekipanda, kitaota mvua ikinyesha.

Maisha yake ameyapitisha matopeni. Maji yakipwa huingia mikokoni na fimbo yake ya kulabu, akawavuta kaa mashimoni mmoja mmoja. Marehemu babake alimwachia sharti moja tu: mkubwa mtie kikapuni, mdogo mrudishe. "Mwana wa watu hurejezwa kwao," mzee alikuwa akisema. Khatib hakulivunja sharti hilo hata siku ambazo nyumbani walilalia chai tupu, na kila aliyetaka kazi ile alimfundisha vivyo hivyo. Aliamini ndilo litakalomtetea mbele ya Mola wake.

Basi mbona mashimo yalikuwa yakijifunga? Mashimo yaliyokuwa yakimmeza mkono hadi kwapani, sasa hayapitishi ngumi. Akiinama kuchungulia, alihisi kuna mtu amesimama nyuma yake. Akigeuka, hapana mtu. Aliogopa, wala hakuona haya kusema anaogopa. Alifukiza ubani, akasoma Ayatul Kursiy juu ya mizizi, na mashimo yakazidi kuwa membamba.

"Jini huyo ana huruma," mkewe, Bi Ummu, alimcheka. "Ala wakubwa, awata wadogo."

Asubuhi moja Bi Ummu alikuwa akiwaosha kaa kabla mnunuzi hajafika, akakuta kijikaa kimoja kilichonasa katika tope la kikapu. Akakigeuza. Kaa jike ana mkunjo tumboni: mwembamba akiwa mtoto, mpana akishakuwa tayari kuzaa. Wa huyu ulikuwa mpana.

"Khatib, njoo mtazame mwanao. Mwana gani huyu? Mke mzima!"

Khatib alikaa chini palepale. Kaa ni kama watu, yuko mwenye haraka na yuko asubiriye. Mwenye haraka alizaa angali mdogo, na Khatib kwa mkono wake alikuwa akimrudisha majini kwa bismillahi. Aliyesubiri akue kwanza aliishia kikapuni kabla ya kuacha mbegu. Watoto hufuata waliowazaa, na waliobaki kuzaa ni wale wa haraka, kizazi baada ya kizazi. Hakuna kaa hata mmoja aliyesinyaa; kilichosinyaa ni ukoo wao, na mashimo pamoja nao.

"Jini ni mimi," alimwambia mkewe, machozi yakimtoka. Bi Ummu hakucheka tena.

Tangu hapo aliingia mikokoni akitafuta kitu kimoja: kama angalau mmoja wa ukoo wa zamani amesalia. Siku ya bamvua, maji yalipokupwa mbali, ndani kabisa, shimo likaumeza mkono wake hadi kwapani. Alimtoa jike mpana kama sahani, na mkunjo wake bado mwembamba. Mkubwa kiasi kile, na bado hajazaa! Khatib alimshukuru Mola. Akamrudisha taratibu, akaufunika mlango kwa majani. Hakumwambia mtu ila mkewe, kwani la kuficha hufichwa.

Kesho yake alasiri alipiga hodi Bakr, mwana wa nduguye, mwanafunzi wake mwema kuliko wote. Uso ulimng'aa. Akatoa simu amwonyeshe ammi yake picha: kaa amefungwa magando, tumbo juu, ndani ya mashua ya mnunuzi.

"Nimeukuta mlango wa shimo umefunikwa majani, ammi, nikasema hapa pana kitu! Mashua ishaondoka zamani, saa hizi yuko Lamu."

Khatib aliisogeza simu karibu na macho. Mkunjo ulikuwa mwembamba.

Bakr alidhani mzee ameingiwa na kijicho, akataka kumfurahisha. "Na wadogo niliowatoa," akasema, "wote nimewarejeza, ammi. Kama ulivyonifunda."