Dahabo na Magunia ya Maji

Siku yangu ya kwanza kazini sikuona nyoka hata mmoja. Niliona mbuzi, wengi kuliko niliowahi kuwaona mahali pamoja, na kila mmoja alikuwa na haraka ya kunikanyaga. Lilikuwa soko la mifugo la Garissa, nami nilikuwa msichana kutoka Sangailu mwenye cheti kipya cha afya ya mifugo na viatu vyeupe. Naam, vyeupe. Afisa Mkaguzi, bosi wangu wa kwanza, alivitazama viatu, akanitazama mimi, akasema, "Wewe umekuja harusi ama umekuja kazi?"

Alikuwa na ulimi mkali, lakini kufundisha alijua. Aliniamuru nifumbe macho na kupitisha mkono juu ya mgongo wa mbuzi, kwanza kwa kufuata manyoya, kisha kwa kuyarudi. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kutofautisha upele wa utitiri, wale wadudu wadogo wanaojichimbia ngozini, na kuvu, ambayo hula manyoya kwa mviringo kama mtu aliyekata kwa kikombe. Jioni viatu vyangu vilikuwa rangi ya udongo, nami nilirudi nyumbani nikiimba.

Baadaye nilihamishiwa Hagadera, nikawa natibu punda wa mikokoteni. Msimamizi wa huko, mama mpole asiyejua kupandisha sauti, hakukubali nipake dawa kabla hajauona mkokoteni wenyewe. "Ukitibu kidonda ukaiacha kamba iliyokichubua," alikuwa akisema, "wewe utakuwa na kazi mpaka uzeeke, na punda atakuwa na kidonda mpaka afe." Basi tulikagua kamba, tukashona vitambaa vya kuwekwa mabegani, tukagombana na wenye punda, tukacheka nao. Wanangu mnaosoma udaktari wa wanyama, hilo la mkokoteni lishikeni. Lilinifaa mahali ambapo sikulitazamia kabisa.

Mahali penyewe ni kituo kidogo pembeni ya mji wa Garissa ambapo watu hufundishwa habari za nyoka. Nilipopata barua ya kwenda huko nilikuwa tayari nina wajukuu. Mawifi zangu walikuja kunipa pole na sahani ya halwa, kana kwamba nimefiwa. Mimi nilikula halwa, nikachukua tuktuk, nikaenda.

Mlangoni alinipokea mtunza nyoka, Adeer Gedi. Adeer kwa Kisomali ni baba mdogo au mkubwa, na kwa desturi yetu unayemwita hivyo anakurudishia neno lilelile. Alikuwa mchunga ngamia zamani, mrefu, ndevu nyekundu kwa hina, na macho yake yote mawili yalikuwa na ukungu mweupe. Ni mtoto wa jicho, ugonjwa unaotibika. Kila tulipomwambia aende hospitali alijibu, "Mimi kisu haigusi jicho yangu, wallahi." Kazi yake aliifanya kwa vidole.

"Karibu, adeer," aliniambia. "Njoo salimia binti yangu."

Binti alikuwa chatu. Gedi alimwokota akiwa mdogo kwenye mfereji wa shamba la ndizi kando ya Tana, siku watu walipokuwa wameshainua majembe wamuue, akamlea hadi akawa mnene kama mkono wangu na mrefu kupita mlango. Akamwita Dahabo, yaani dhahabu, kwa maana kwa macho yake yenye ukungu alimwona kama wingu la manjano. Shule zikija, Dahabo ndiye aliyefundisha. Watoto walioingia wakilia walitoka wakiuliza kama wanaweza kumshika tena.

Ngozi ya nyoka nilianza kuisoma upya kama mwanafunzi. Nyoka hujivua gamba, yaani hulivua tabaka la juu la ngozi lote kwa mara moja, akianzia mdomoni. Siku chache kabla, rangi yake hufifia na macho huwa ya buluu kama maziwa yaliyotiwa maji. Wengi hudhani anapofuka. Hapana, mwacheni. Mkiona vitone vyeusi vinavyotembea kwenye bakuli lake la maji, huo ni utitiri, na msithubutu kumpaka dawa ya kuogeshea ng'ombe, maana itamuua yeye kabla ya wadudu. Malengelenge tumboni husema kwamba analala penye majimaji machafu. Mgongo uliobabuka husema kwamba taa imewekwa karibu mno. Karibu kila mara chanzo kimo ndani ya nyumba yake, na hapo nilimkumbuka yule mama wa Hagadera na mikokoteni yake.

Kiangazi kimoja, jua likiwa la kukausha mate mdomoni, Dahabo alififia, macho yakawa ya buluu. Tukangoja. Gamba likatoka vipandevipande, huku na huku, kama rangi ya ukuta wa zamani. Na machoni halikutoka kabisa. Nyoka hana kope. Jicho lake limefunikwa na kigamba kinachoonyesha kama kioo, ambacho hutoka pamoja na ngozi. Kikibaki, kipya huota chini yake, na kila akijivua tena huongezeka kingine, mpaka jicho linazibwa. Dahabo akaacha kula. Ukimsogezea mkono, hageuki.

Nikaagiza aogeshwe kwa maji ya uvuguvugu kwenye karai. Tulimwogesha, lakini hewa ya Garissa wakati ule ilimkausha kabla hatujamaliza kumsifu. Asubuhi moja nikamkuta Dahabo amegeuka mandazi. Hakuna neno lingine. Aling'aa mafuta kutoka kichwa hadi mkia, na juu ya mafuta kulishika mchanga, na juu ya mchanga nyasi kavu.

"Adeer, nini hii?"

"Samli," alisema Gedi, akiwa na fahari ya mwenye duka. "Ya nyumbani, safi. Ngamia yangu ikibata ubele naitia samli, inabona kabisa."

Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Mtu alikuwa amechukua samli ya chakula chake akampaka nyoka. Tukakaa chini sisi wawili, tukamsugua Dahabo kwa sabuni laini na kitambaa, Gedi akimwomba msamaha kwa Kisomali kipande kwa kipande, nami nikicheka hadi ubavu ukaniuma.

Mkurugenzi wa kituo hakucheka. Alikuwa mtu wa Machakos, mwungwana, ila alikuwa na kituo cha kuendesha. Aliinama akayatazama macho ya Dahabo.

"Hamna kibanio? Kivuteni tu hicho kigamba."

"Bwana Mkurugenzi, nikikosea kidogo, jicho litatoka nacho."

Akasimama wima. "Sikilizeni. Nyoka asiyeona na asiyekula anateseka. Nikirudi kutoka Nairobi nimkute vilevile, tutamdunga sindano alale. Sipendi, lakini sitamwacha afe kwa njaa mbele ya watoto."

Gedi aliendelea kuupapasa mgongo wa Dahabo, polepole, kwa kuufuata na kwa kuurudi, na uso wake sikuweza kuutazama. Nilijua kwamba Mkurugenzi hakukosea. Hilo ndilo lililoniumiza.

Sasa, kila ofisi ya kwetu ina pipa la maji ya kunywa kivulini, lililovishwa magunia yanayoloweshwa asubuhi na mchana ili maji yawe baridi. La kwetu lilikuwa kwenye baraza, magunia mazito yaliyokunjwa mara mbili. Mkurugenzi alikaa Nairobi wiki kadhaa, na Dahabo akafifia tena kujiandaa kwa gamba jingine. Asubuhi ya siku aliyotarajiwa kurudi, Gedi alimtoa Dahabo ili asafishe nyumba yake, akamlaza penye sakafu yenye baridi, akarudi na ufagio. Dahabo hakuwepo. Tulitafuta chini ya viti, bafuni, ndani ya ndoo, nyuma ya kabati. Gedi alipapasa kila pembe akiita, "Dahabo! Dahabo, hooyo!" kama mzazi anayembembeleza bintiye kwa kumwita mama. Nyoka hasikii jina lake, lakini nani angemwambia?

Karibu na adhuhuri, tukiwa bado katika msako, gari likaingia. Mkurugenzi alishuka akiwa na vumbi hadi kwenye nyusi, hakusalimia, akaenda moja kwa moja kwenye pipa. Akainua kikombe. Akalivuta gunia la juu.

Kichwa cha Dahabo kikatoka, kikamtazama.

Nasema kikamtazama. Kikombe kiliruka juu, Mkurugenzi akarudi nyuma hadi ukutani, na kile kichwa kikageuka kumfuata, upande huu, kisha upande ule. Macho yalikuwa meusi na safi, na ulimi ukimwuliza yeye ni nani.

"Anaona!" nilipiga kelele. "Anakufuata kwa macho, Mkurugenzi! Sogea tena!"

"Sisogei popote!" alisema Mkurugenzi. Kisha akasogea, Dahabo akamfuata, na mtu yule mzima akaanza kucheka hadi akaketi sakafuni.

Ndani ya mikunjo ya magunia tulikuta gamba zima, limepinduliwa ndani nje kama soksi, bado na unyevu. Mle hamkukauka, wala maji hayakutuama, na gunia lenyewe lilimkwaruzia ngozi alivyopita. Nilimkabidhi Gedi gamba lile. Alilifuata kwa vidole kutoka mkiani, polepole sana, hadi kichwani, akagusa vile vigamba viwili vya macho, kimoja, kisha kingine.

"Zimetoka," alisema. "Zote. Alhamdulillahi." Machozi yakamshuka ndevuni bila haya.

Jioni Dahabo alikula. Tukamtengenezea kisanduku chake chenye magunia yaliyoloweshwa na kukamuliwa, tukawa tunayabadilisha kabla hayajaanza kunuka, na pipa tukalinunulia magunia mengine. Tangu siku ile Mkurugenzi alikunywa maji ya chupa tu.

Nilistaafu mwaka uliofuata. Kwenye sherehe yangu Gedi alikuja karibu akaninong'oneza, "Adeer, yake ilitoka na maji tu. Yangu je?"

"Yako haitoki kwa maji wala samli, adeer. Yako inataka daktari wa watu."

Akaguna, akaenda zake kutafuta chai.

Siku hizi niko Sangailu na wajukuu wangu na ng'ombe wachache, na vijana wanaosomea mifugo hunijia wakiuliza dawa. Nawapeleka kwanza kwenye zizi tukaangalie wanyama wanalala wapi. Wanachoka, maskini, wanataka sindano. Mimi nafurahi hata kuchoka kwao. Nimeishi kwa kugusa ngozi za viumbe, na bado mkono wangu ukipita mgongoni mwa ndama najisikia yule msichana wa viatu vyeupe.

Mwezi uliopita simu ililia. Ni Gedi, anapiga kelele kama kawaida yake, kana kwamba simu ni bonde.

"Adeer! Jana wametoa bandeji. Macho mbili. Kisu imegusa, na mimi mzima!"

Nikamuuliza yuko wapi.

"Niko kituoni, wabi tena? Nimekaa na yeye toka asubuhi." Nikasikia anavuta pumzi. "Adeer, iko na maua mgongoni. Kahawia, nyeusi, halafu katikati yake inawaka. Miaka yote hamkuniambia. Kumbe jina yake ni ya kweli."