Mchoro Umeachwa

Shuleni waliniita Mama Nukta. Kazi yangu ilikuwa kugeuza vitabu vya kawaida kuwa vitabu vya nukta nundu, yale maandishi ambayo wasioona huyasoma kwa ncha za vidole. Miaka thelathini na moja nilikaa kwenye kachumba nyuma ya ofisi ya mkuu wa shule, mimi na mashine yenye vibonye sita, napiga kurasa mpaka mabega yanagoma. Nilipostaafu nilipewa saa ya ukutani na hotuba ndefu, ati nimewapa watoto macho. Nikapokea, nikatabasamu, nikala na keki. Ningekuwa na haya ningeirudisha ile saa siku ile ile.

Ngoja nieleze nilichofanya, maana nimekificha vya kutosha. Kitabu cha hadithi unapiga tu, mstari baada ya mstari. Cha hesabu kina michoro: pembetatu, duara, mistari inayokatana. Kila mchoro ilibidi nilaze karatasi kifudifudi juu ya kipande cha mpira, nichore kwa upande wa nyuma na kile kigurudumu chenye meno wanachotumia mafundi wa nguo, tena nichore kinyume, kushoto kuwe kulia, ili mtoto akiushika aukute ulivyo. Mchoro mmoja ulinila nusu saa. Kitabu cha kwanza nilichora yote, hapo sijisingizii. Cha pili nilichora mitatu, wa nne nikasahau kuugeuza, ukurasa mzima ukaharibika. Nikasonya. Nikachukua karatasi nyingine, na pale penye mchoro nikapiga maneno mawili: Mchoro umeachwa.

Nikasubiri mtu aniulize. Nani aulize? Mwalimu wa hesabu alikuwa na kitabu chake cha wino. Mkuu wa shule hakujua kusoma nukta. Na mvivu akishapata upenyo, basi tena. Kitabu cha pili chote kilichobaki, cha tatu, cha nne, mchoro umeachwa, mchoro umeachwa. Mwalimu akisema darasani, "Haya, mchoro wa saba," watoto wanapapasa ukurasa wanakuta maneno yangu, wanadhani ndivyo vitabu vyao vilivyo.

Mmoja tu alinijia. Tulimwita Wakili kwa ubishi wake, alikuwa na miaka kumi na miwili. Alisimama mlangoni, kitabu kifuani.

"Mama Nukta, mchoro ukiachwa, unaachwa wapi?"

"Kwa wanaoona," nikamjibu, hata vidole sikuvitoa kwenye mashine.

Akasema asante. Jamani, mtoto yule alisema asante, akaondoka zake.

Sasa mjue shule yenyewe ilitoka wapi. Ilianza kama darasa moja ndani ya stoo ya magunia, watoto wanafundishwa kusuka vikapu na kukaa kimya, kwa sababu wakubwa waliona asiyeona akijua kikapu inamtosha. Mkuu wetu, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya kengele, aligombana nao miaka saba. Alitaka watoto wake wasome vitabu vile vile na wafanye mtihani ule ule kama wenzao. Akaruhusiwa. Mtihani ukaja, na kwenye hesabu, penye maswali mengi ya michoro, wakaanguka wote, hata Wakili, ambaye kwa kichwa tu alikuwa akijumlisha haraka kuliko mimi na kalamu.

Kikaitwa kikao. Mkaguzi alifunua majedwali yake, akasema wazi kwamba watoto hawa hawana kichwa cha hesabu, si kosa lao, wasamehewe. Mkuu wa shule alifuta macho na ncha ya kitambaa chake. "Labda walionikatalia tangu mwanzo walisema kweli," akasema. Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyekuwa nikiandika kumbukumbu za kikao. Ukweli nilikuwa nao mdomoni, nikaumeza, nikaandika: imekubaliwa. Wiki iliyofuata vipindi vya hesabu vilirudi kuwa vya vikapu. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ndiye niliyekuwa ndani ya nguo ya mama yule. Alikufa bila kujua.

Mwezi uliopita Wakili alinitembelea. Ni mtu mzima sasa, anapokea simu hospitalini, na shule imempa kazi ya kuandika historia yake ya miaka hamsini. Alikunja fimbo yake, akakaa, akanisomea pale alipofikia kuandika, kidole kikipita juu ya nukta.

"'Mwaka huo iligundulika kwamba wanafunzi wasioona hawana uwezo wa hesabu, wakaondolewa mzigo huo.' Nataka unithibitishie mwaka tu, Mama Nukta. Mengine nayajua."

Mwaka niliujua. Nikautaja, nikamuuliza anakunywa chai ya sukari ngapi. Ndiyo, hivyo hivyo. Yaliyopita si ndwele, nilijiambia, na maji yalikuwa yanachemka.

Tukanywa. Akaanza kunisimulia habari za binti yake, kidato cha nne. "Macho kachukua ya mama yake, anaona sindano kwenye mchanga," akacheka. "Kichwa ndicho kachukua changu. Kesho wanajaza fomu za masomo ya kidato cha tano, hesabu anaiacha. Nimemwambia asijitese, ni ya ukoo, sisi hatuna kichwa hicho."

Nikaweka kikombe mezani.

"Futa," nikasema.

"Nifute nini?"

"Hiyo sentensi uliyoisoma. Hakuna kilichogundulika. Ni mimi."

Nikamweleza yote, kigurudumu, mpira, nusu saa, kikao. Sikujua uso wangu niuweke wapi, na mbele yangu kulikuwa na mtu asiyeuona, na bado niliuinamisha. Alisikiliza mpaka mwisho. Afadhali angenitukana.

"Mingapi?" akauliza.

"Yote. Baada ya ule wa tatu, yote."

"Mimi nilidhani kuna kitu pale chini ya maneno yako, ila vidole vyangu ni vibovu, havikifikii." Alisema polepole. "Nilikuwa nikivisugua ukutani ili vipate hisia. Vilitoka damu, matroni akanichapa kwa kuchafua shuka."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamwambia, "Nisamehe, mwanangu."

"Hilo tutalizungumza. Sijui lini." Alikuwa ameshatoa simu, anabonyeza. "Kwanza la kesho."

Simu ikaita upande wa pili. "Uko nyumbani?" akamuuliza mtu. "Ile fomu usiijaze. Kuna bibi hapa ana maneno na wewe." Akainyoosha simu kuelekea pumzi yangu. "Mwambie kama ulivyoniambia mimi. Usipunguze."

Niliishika kwa mikono miwili.

"Shikamoo, bibi," sauti ya msichana ikasema, ya adabu, ya mtoto aliyelelewa vizuri.

Sikuweza kuiitikia. "Mjukuu wangu," nikamwambia, "ngoja kwanza nikueleze nilichomfanyia baba yako, halafu utaamua mwenyewe kama unaniamkia."