Parking ya fleti zetu Langoni ilivyomfungia jirani mzee ndani

Wakuu, salaam aleikum.

Haya ninayoyaandika nimeyatenda mwenyewe, kwa hiyo sitajipamba. Mkiona pa kunisema, nisemeni.

Mimi ni mtu wa Langoni, Lamu. Binamu yangu yuko ng'ambo, na mimi ndiye niliyemsimamia ujenzi wa fleti kwenye kiwanja cha familia. Wapangaji ni walimu na wauguzi, na karibu wote wana pikipiki.

Ndiyo, pikipiki. Ile Lamu ya punda watupu mnayoiona kwenye picha imepita, upande wetu zinafika.

Sasa, pembeni mwa kiwanja ndipo jirani yetu, Bwana Shee, alipokuwa akimfunga punda wake tangu sijazaliwa. Palikuwa na baraza kuukuu la mawe hapo. Fundi akasema linakula nafasi ya pikipiki mbili. Nikamwambia bomoa.

Lakini mzee sikumsahau, wallahi. Nilimpigia pete ya chuma ukutani ili punda apate pa kufungwa. Nikajiona muungwana kweli kweli. Bwana Shee alipoiona alisema, "Ahsanta, mwanangu," akaingia ndani.

Tangu siku hiyo punda akawa anasimama pale kutwa, haendi popote. Wapangaji wakaanza kunung'unika, mara samadi, mara harufu. Nami kwa kiherehere changu nikamwendea binti wa mzee, Bi Mwanaisha. Nikamwambia kama punda hatumiki, basi wamtafutie mahali pengine.

Hakugombana nami. Alinijibu tu, "Baba wiki ya tano hii hajamuona shangazi."

Niwaeleze kidogo. Bwana Shee amebakiwa na dada mmoja, Bi Khadija, ambaye hatoki kitandani. Anakaa Mkomani, upande wa pili wa mji. Kila Alhamisi baada ya alasiri mzee hupanda punda wake akaenda kunywa naye kahawa. Kutembea hawezi, magoti yamekataa. Na vichochoro vya kule pikipiki haipiti.

Nikaingia kumuuliza mwenyewe kwa nini haendi.

"Punda umempa mahala, Mngu akujaze kheri," akasema. "Mimi ndiye sina pa kukwelea. Maguu haya hayaniinui kutoka tini. Nalikikwea kwa lile baraza."

Wakuu, nilitamani ardhi inimeze. Nilimfikiria punda, mwenye punda nikamsahau.

Nikamuuliza mbona hakunena siku zote hizo.

"Kiwanja ni chenu, mwanangu. Mtu hunena kwa chake."

Sikulala vizuri. Asubuhi nikampigia binamu, akaja juu kwamba naharibu parking. Nikamwambia akifika miaka themanini na magoti yakamkataa, ataiharibu mwenyewe. Tulinuniana siku mbili, kisha akakubali.

Fundi aliporudi akauliza baraza liwe la kimo gani. Hakuna aliyejua. Tulikuwa tumelibomoa bila hata kulitazama.

Ikabidi tumtoe Bwana Shee kwa kiti, aegemee ukuta, ainue mguu mpaka pale anapoweza. Fundi akachora alama kwa mkaa.

Alama ile ilikuwa chini sana kuliko kovu la baraza la zamani, ambalo ndiyo kwanza tuliliona ukutani. Kumbe hata lile lilikuwa linamtesa. Miaka yote hiyo alikuwa akipanda kwa maumivu na sisi jirani zake hatukujua. Fundi akajenga vidato viwili, kimoja kifupi, kimoja kirefu.

Alhamisi iliyofuata nilimfuata nyuma kwa miguu hadi Mkomani. Nilisema namshika asianguke, lakini ukweli nilitaka kuona.

Bi Khadija alikuwa na vikombe viwili kwenye sinia kando ya kitanda. Msichana wa kazi akaninong'oneza kwamba kila Alhamisi, hata zile ambazo kaka hakuja, bibi alikuwa akiagiza viwekwe vyote viwili, na magharibi anaagiza kimoja kirudishwe kabatini.

"Umekawia," akamwambia kaka yake.

"Ndia ilikuwa na ujenzi," mzee akajibu.

Akaisingizia njia, hakunitaja. Nilikuwa nimesimama mlangoni, na hakunitaja.

Nilichojifunza, wakuu: kabla hujabomoa kitu cha jirani, hata kiwe kwenye ardhi yako, kamuulize anakitumiaje. Wazee wetu hawalalamiki, wanaacha tu kutoka nje.

Nyinyi mnaojenga huko kwenu, kuna mzee gani ambaye hamjamuona siku nyingi? Karibuni mchangie, ila kwanza nendeni mkabishe hodi kwake.