Kitambaa cha Kijani cha Neema

Mimi sidanganyi, na wajukuu wangu wanalijua hilo. Lakini Jumamosi iliyopita, pale Kasulu, nilidanganya mbele ya watu.

Klabu ya kulipwa kutoka Dar ilikuja kwenye chuo cha ualimu kuchagua wasichana wa mpira wa kikapu, na mjukuu wangu Neema alikuwa anacheza. Macho yangu hayatambui sura kwa mbali, kwa hiyo asubuhi nilimfunga kitambaa cha kijani kichwani ili nimjue.

Basi mwenye kijani akawa anapigwa viwiko, na refa anapita tu. Nikasimama. "Refa, huoni? Huyo namba tisa anamuumiza mjukuu wangu. Mtoe!" Nilimsema hivyo mpaka mapumziko.

Neema akaja mbio, kichwa wazi. "Bibi, nyamaza. Namba tisa ni mimi. Kitambaa nilimwazima Anitha wa timu pinzani, nywele zilimsumbua. Nina makosa manne, la tano natolewa."

Refa naye akafika. "Shikamoo, Bibi. Ulisema nani anapiga viwiko?"

Nikampigia makofi ya heshima, yale yetu ya Kiha ya kusalimiana. "Marahaba, baba. Hakuna. Macho yangu mabovu, wewe unaona vizuri."

Waliokuwa nyuma yangu wakaangua kicheko. Mimi nikaendelea kupiga makofi, nikimshukuru kwa moyo wote kwa kila alichokosa kuona.