Skrini ya Mama Mkwe

Kahindi, fundi wa kompyuta pale Kisumu Ndogo, Malindi, ni mtu wa kuchagua. Akishika nyanya sokoni, muuzaji anaweza kwenda kuswali akarudi, amkute bado anabonyezabonyeza. Basi fikiria mtu huyo akitafuta kompyuta kwa ajili ya mama mkwe wake.

Mkewe, Mbeyu, alifariki mwaka juzi. Alikuwa mdarizi hodari, na kazi yake ya mwisho aliichora kwenye kompyuta, kwa programu kuukuu ya Windows ambayo hata walioitengeneza walishaisahau. Kompyuta ile ililiwa na chumvi ya pwani, ikafa. Diski tu ndiyo iliyopona. Sasa mama yake Mbeyu, Bi Nyevu wa kijiji cha Adu, akatuma neno kupitia kwa binti yake mdogo, Damaris, kwamba kabla hajafumba macho anataka kazi ile ifunguliwe. Kahindi hakuuliza ni kazi gani. Alijua ni gauni la mama, maana Mbeyu alikuwa akilitaja kila siku. Na angeuliza vipi? Kwao Wagiriama wa namna yake, mama mkwe hahojiwi. Hukai naye ubavu kwa ubavu, humkodolei macho. Miaka kumi na minne ya ukwe, na Kahindi alimjua Bi Nyevu kwa sauti kuliko kwa uso.

Kazi yenyewe haikuwa ya kompyuta yoyote tu. Kahindi ni mtu wa Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, na programu ile haitaki kusikia habari za Linux. Dawa ni kuiwasha Windows ya zamani ndani ya Linux, kompyuta ndani ya kompyuta, na si kila prosesa, ule ubongo wa kompyuta, inakubali mzigo huo. Tena programu ina kiburi: bila kadi halisi ya grafiki, ile inayochora picha kwenye skrini, haikuonyeshi hata uzi mmoja. Kwa hiyo zinatakiwa kadi mbili, moja ya Linux, nyingine ikabidhiwe Windows ya ndani, kila moja na skrini yake. Hapo Kahindi akacheka peke yake. Skrini mbili! Yake nyuma ya pazia, ya mkwe mbele ya pazia. Adabu imelindwa na kazi imefanyika.

Akaenda Mtwapa kwa Mutuku, muuza kompyuta za mitumba, flashi yake ya Linux ya kujaribia mfukoni. Ya kwanza prosesa yake ilifaa, lakini wenyewe wa zamani walifunga mipangilio kwa nywila wakaondoka nayo. Ya pili ilikubali, ila ubao wake mkuu ulifunga kadi ya grafiki na diski fungu moja. Ukimpa mgeni, yaani Windows ya ndani, kadi, umempa na diski yako. Mutuku akaanza kuhema, akamwambia wateja wenzake huuliza rangi tu wakaenda zao. Kahindi akaomba nyingine, na nyingine. Ya tano, dude zito lililojaa vumbi, ilitenganisha kila kitu alivyotaka. Aliikumbatia mbele za watu, wala hakuona haya.

Jumapili Bi Nyevu akaja na Damaris, akaketishwa sebuleni mbele ya skrini yake. Kahindi akamwamkia shikamoo kutoka chumbani, nyuma ya pazia, macho chini. Akaandika amri zake, Windows ikaamka upande wa pili, Damaris akafungua faili. Kahindi akasubiri shangwe. Haikuja, akadhani faili imeharibika. Kwenye skrini yake hakukuwa na kitu ila herufi za Linux. Loo, fundi mzima! Alipanga yote akasahau kujipangia pa kuonea.

Akamuuliza Damaris kama gauni limetoka.

"Si gauni," Bi Nyevu akasema mwenyewe. "Gauni langu alilimaliza, ndilo hili nililovaa. Hili ni shati lako, baba. Alinikataza nisikwambie mpaka liishe."

Kahindi akashika ukingo wa pazia, asilifungue.

"Njoo ulione," akasema Bi Nyevu. "Mimi nitatazama ukutani."

Kahindi akatoka. Bi Nyevu alikuwa amegeuza kiti kweli, mgongo kwake, mabega yakitikisika. Kwenye skrini, mfuko wa shati ulizungukwa na majani ya mkorosho, kila uzi unang'aa, na juu ya mfuko jina lake limeanza: KAHI. Hapo ndipo Mbeyu alipochoka. Kahindi akakaa chini sakafuni, akalia kama hakuna mtu.

"Umeliona?" Bi Nyevu akauliza, bila kugeuka.

"Nimeliona, mama," akasema. "Limenikaa vizuri."