Kumdhamini Mzee wa Kanisa

Mume wangu alimdhamini mzee wa kanisa bila kuniambia. Nilikuja kujua siku mshahara wake wa ualimu ulipoingia umekatwa karibu nusu. Nilikuwa kwenye kibanda changu hapa Majengo, nashona sare za shule, akaja akasimama mlangoni akitabasamu kama mtu anayetaka asamehewe kabla hajasema kosa.

"Mama watoto, kuna shida kidogo."

Hiyo shida kidogo ilikuwa hivi. Mzee huyo, mwenye viazi na ng'ombe wa maziwa kule Mweiga, alikopa kwenye ushirika wa akiba, mume wangu akamtilia sahihi. Mzee akaacha kulipa. Sasa ushirika ulikuwa unajilipa kwetu.

"Umemwambia?" nikauliza.

"Nimemwambia Mungu."

"Mimi nauliza huyo mzee. Umempigia simu?"

"Si vizuri kumfuatafuata mtumishi. Bwana atafungua njia."

Mimi pia ni mwamini. Hata mwezi ambao wateja ni wachache, fungu la kumi nalitoa. Lakini nilichoka kuona Mungu akitwikwa kazi ambayo simu moja ingeimaliza. Mwenye nyumba alitaka kodi, shule ikataka karo, na unga nikawa nauchukua kwa mkopo duka la jirani yangu Mwislamu. Hakuwahi kunidai. Alikuwa ananipimia tu, ananiuliza habari za watoto, nami natoka pale uso umenishuka. Jumapili mzee yule yule alipitisha kikapu cha sadaka, akifika kwangu anainama kidogo, "Ubarikiwe, dada." Mume wangu ananikanyaga mguu chini ya benchi ili ninyamaze.

Jumamosi moja nilifunga kibanda nikaenda Mweiga. Njiani niliomba kwa dhati. Nilimwambia Mungu sijui nitasema nini, anisaidie nisitukane mtu.

Nilimkuta mke wa mzee uani anachagua viazi vya mbegu. Alinikaribisha kwa furaha, akaniwekea chai. Nyumba ilikuwa na mabati mapya, na tangi kubwa la maji pembeni. Mzee akaja, akakaa, akaona uso wangu. Sijafungua mdomo akasema, "Dada, kabla ya yote, tuombe."

Hapo ndipo nilipata la kusema.

"Mzee, leo niruhusu niombe mimi."

Akainamisha kichwa. Mkewe akafumba macho. Nikaomba: "Baba, tunakushukuru kwa nyumba hii. Unajua ule mkopo ambao mume wangu alidhamini. Unajua haulipwi, na mshahara wetu unakatwa kila mwezi. Unajua nakula unga wa deni. Mguse ndugu yetu, ee Bwana, alipe."

"Mkopo gani?" mkewe akauliza.

Nilifungua macho. Yeye alikuwa ameshafungua yake, anamtazama mumewe. Mzee alikuwa bado amefumba, kana kwamba maombi yanaendelea.

"Amina," nikasema, maana lazima mtu amalize.

"Baba watoto, nimeuliza, mkopo gani? Si uliniambia haya mabati ni Mungu ametutendea?"

"Ni Mungu," akasema polepole. "Alitumia ushirika."

Sikucheka wakati huo. Mama yule alikunja kanga yake, akaniambia pesa za maziwa zinaingia kwa simu yake, kwa sababu ndiye anayeamka kukamua, na zitaanza kulipa mwezi huo huo. Kisha akanifungia viazi kwenye gunia. Nilivikataa, akanilazimisha. 

Nilipofika nyumbani mume wangu alikuwa ameshapigiwa simu.

"Umetumia maombi kumchapa mtu!"

"Nimemkabidhi kwa Mungu, kama wewe. Ila mimi nilimkabidhi mbele ya mke wake."

Hatukuongea vizuri wiki nzima. Na mama yule alitimiza neno lake. Makato yakakoma, na zile pesa zilizokuwa zimeshakatwa zikaanza kurudi kidogo kidogo, nyingine mpaka leo hazijarudi. Kwa jirani nililipa unga wote.

Halafu Jumapili moja mume wangu akainuka kutoa ushuhuda. Akaeleza jinsi tulivyobanwa, jinsi alivyonyamaza akamngoja Bwana, na jinsi Bwana alivyofungua njia bila yeye kugombana na mtu. Kanisa zima likapiga makofi. Nami nilipiga, maana siwezi kusema Mungu hakuwepo Mweiga siku ile. Peke yangu ningetukana. Lakini nilipiga makofi hayo nimeuma meno.

Tulipotoka nikamwambia, "Mtu mwingine akitaka umdhamini, unaniambia kabla hujatia sahihi. Umesikia?"

"Hilo," akasema, "tutaliombea."