Jina la Verna ndani ya Mzunguko

Kompyuta ilimkatalia Harlan Dykema kazi yake tena asubuhi ile: "Jina verna halitumiki."

Harlan alianza kuandika programu za kampuni ile ya bima, hapo Grand Rapids, enzi za watu kuvaa tai na kula chakula cha mchana meza moja. Ukiiagiza mashine irudie kazi ileile, ilidai jina la kuhesabia mizunguko, hata kama jina lenyewe halikuwa na kazi nyingine. Vijana wa leo huweka kistari tu, na mashine za sasa hukataa jina lisilo na kazi. Harlan na wenzake waliweka jina la mwenzao, ili atakayefungua programu ile baadaye akutane na mtu. Verna Postma, aliyemfundisha Harlan kazi akiwa hajui hata pa kuwashia mashine, alizikwa wakati wa theluji. Kazini alibaki humo kwenye programu tu.

Bosi wake, Bryn, binti wa juzi, alivuta kiti.

"Mzee wangu, bado unagombana na mashine?"

"Imenianza yenyewe."

"Weka kistari, twende zetu."

"Verna hakuwa kistari."

"Sikutanii, Harlan. Wakubwa wanataka majina ya watu wa kupunguza. La kwako nimelificha mpaka nimechoka. Hii ipite leo."

Harlan akanywea. Mkewe, Lorna, figo zilishakufa. Husafishwa damu, na bima ya kazi hii ndiyo inayolipa. Aende wapi?

Akajaribu ujanja: aliongeza mstari uliomtaja Verna bila kufanya lolote. Mashine ikakubali. Bryn akausoma, akacheka kwa pua.

"Umemfanya marehemu mfanyakazi hewa! Toa hiyo, bwana."

Simu ikatetemeka. Alikuwa Lorna.

"Wamenichomoa mipira. Unakuja, au umeshapata mwingine?"

"Nani atanitaka mimi? Nakuja, mama. Nafuta kitu kimoja."

Akalifuta jina, herufi moja moja, akaweka kistari. Kioo kikawaka kijani. Bryn akampiga begani, akaenda zake.

Harlan alikuwa ameshavaa mkono mmoja wa koti mashine ilipofungua faili lililofuata, kazi ya zamani ya Verna, ikalalamika:

"Jina harlan halitumiki."

Alisimama akilitazama. Hakujua kwamba Verna naye alimweka humo. Kisha akaketi, koti likining'inia, akapeleka kidole kwenye kitufe cha kufutia.